Mizani ya Kopo na Kahawa ya Wageni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Annastella alikuwa na kazi tatu: kufagia uani, kutandaza kahawa kwenye turubai, na kugombana na jogoo. Jogoo huyo aliamini kwamba kahawa inayoanikwa juani imewekwa pale ili yeye aichakure. Annastella alimfukuza kwa ufagio, jogoo akazunguka nyumba na kurudi kupitia migombani, na mchezo ukaanza upya mpaka Bibi Kokuhirwa alipotoka jikoni na kumkemea mmoja wao. Mara nyingi aliyekemewa alikuwa Annastella.

Waliishi wawili tu, karibu na Kamachumu, wilayani Muleba, kwenye kibanja chenye migomba na mibuni iliyopandwa na marehemu babu. Wazazi wa Annastella walifanya kazi Mwanza. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na alimpenda bibi yake kuliko alivyoweza kueleza. Bibi naye alimpenda, ingawa alipenda kulionyesha hilo kwa kumwongezea ndizi kwenye sahani na kumwambia kwamba anakula kidogo kama kifaranga.

Wiki mbili kabla ya mambo tunayoyasimulia hapa, Bibi alipatwa na jambo lililomuuma. Alipeleka magunia mawili ya kahawa kwenye mizani ya chama cha msingi cha wakulima. Mkaguzi wa ubora kutoka Bukoba, mwanamke aliyeitwa Bi Felicitas, alichota kahawa kidogo, akaiweka kwenye kipimo chake cha umeme, akasoma namba, akatikisa kichwa. Kahawa ilikuwa bado ina maji. Kama ingepokelewa, ingeota ukungu ghalani na kuharibu ya wengine. Bi Felicitas alieleza kwa upole, lakini upole haukuondoa aibu. Bibi alirudi na magunia yake kwenye pikipiki ileile, akipita mbele ya foleni ileile ya majirani, ameinamisha macho. Annastella hakuwahi kumwona bibi yake ameinamisha macho mbele za watu.

Miaka yote Bibi alikuwa akipima kahawa kwa sikio. Alichukua punje chache zilizokauka na maganda yake, akazitikisa karibu na sikio, na buni iliyokauka ikagonga ndani ya ganda. Safari hii alitikisa zile za ukingoni mwa turubai tu, zilizopata jua zaidi, akaharakisha kwa sababu majirani wote walikuwa wanapeleka. Lakini yeye hakulaumu haraka. Alisema sikio lake limezeeka pamoja naye, na tangu siku hiyo akaacha kuliamini.

Jumatatu moja Bi Felicitas alifika shuleni kwa akina Annastella. Mwalimu Kamala, mwalimu wa sayansi, aliwakusanya darasa la sita na la saba chini ya paa la bwalo, na mgeni akaeleza kilichomleta. Chama kina vipimo vichache vya umeme kwa vijiji vingi mno. Wakulima wanafika mizanini bila kujua kama kahawa yao imekauka, na wengi wanarudishwa. Alitaka timu nne za wanafunzi watatu watatu. Kila timu ingekuwa na siku tano za kutengeneza kitu cha kumsaidia mkulima nyumbani kwake, bila umeme na bila fundi wa mjini.

"Sitaki mchoro wala hotuba," alisema. "Nataka kitu ninachoweza kukishika. Mkikitengeneza leo kikawa kibaya, kivunjeni, mtengeneze kingine kesho. Hapo ndipo mtakapojifunza."

Jumamosi timu zote zingekwenda Bukoba. Kila timu ingeongozana na mkulima mmoja, na chombo chake kingejaribiwa kwa kahawa ya mkulima huyo mbele ya watu. Kitakachoshinda kingetengenezwa kwa vikundi vyote vya wakulima wa eneo hilo. Annastella alinyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza kuuliza nani anataka. Hakuwa na haja ya zawadi. Alitaka bibi yake asirudishwe tena.

Timu yake ilikuwa na Datius na Elieza. Datius alikuwa na mdomo usiopumzika, na walimu walikuwa wamemkalisha mbele tangu darasa la kwanza bila mafanikio. Elieza, mtoto wa fundi seremala, aliweza kupitisha siku nzima kwa maneno kumi, lakini mikono yake ilifanya kazi kwa niaba ya mdomo.

Jumatatu walibishana. Jumanne walijaribu wazo la Datius: kutia kahawa na chumvi kavu kwenye chupa na kuitikisa, ili chumvi ikigandamana wajue kuna maji. Chumvi iligandamana. Wakatia kokoto kavu badala ya kahawa, chumvi ikagandamana vilevile. Ndipo walipogundua kwamba chumvi ya kina Datius ilikuwa imeshanyonya ukungu wa asubuhi wa Kamachumu kabla ya kufika shuleni. Datius aliitetea chumvi yake kwa muda mrefu, kisha akacheka kuliko wote.

Jumatano Annastella aliwaza jambo jepesi. Kahawa yenye maji ni nzito kuliko iliyokauka, na kila aliyewahi kubeba gunia analijua hilo. Elieza alichonga kipande cha mbao, akakitoboa katikati na kukining'iniza kwa kamba. Upande mmoja alifunga kopo la maziwa ya unga, upande wa pili mfuko mdogo wa mchanga. Mkulima angejaza kahawa kwenye kopo na kusawazisha juu kwa kijiti. Kopo likishuka, kahawa bado ina maji. Likilingana na mfuko, imekauka.

Kilibaki kitu kimoja tu: mfuko wa mchanga uwe na uzito gani? Walihitaji kopo moja la kahawa iliyokauka kabisa ili wapimie mchanga. Lakini ilikuwa Julai; kahawa iliyokauka ilikuwa imeshapelekwa chamani, na iliyobaki kijijini ilikuwa bado juani. Annastella aliwaambia wenzake wamwachie yeye kazi hiyo.

Alhamisi asubuhi, Bibi akiwa ametoka kwenda kumjulia hali jirani mgonjwa, Annastella alipanda kwenye kigoda jikoni na kushusha chungu kidogo kilichokaa juu ya meko. Humo Bibi aliweka akamwani, kahawa ya kutafuna wanayopewa wageni. Ilikuwa kavu kama mkaa. Annastella alijua vizuri kwamba ni kahawa ya wageni, na alijua pia kwamba haiguswi bila ruhusa. Lakini siku zilikuwa zimebaki mbili. Alijiambia kwamba kahawa ni kahawa, akajaza kopo, akaenda shule. Mchanga ulipimwa, mfuko ukashonwa, na jioni kahawa ikarudi chunguni kabla Bibi hajajua. Datius alipouliza imetoka wapi, Annastella alijibu, "Nyumbani." Halikuwa jibu la uongo, lakini halikuwa na ukweli wote.

Jioni hiyohiyo wakaijaribu mizani uani, kwa kahawa ya Bibi. Kopo lilijazwa na kusawazishwa. Ubao ulitikisika, ukatulia, umelala sawa. Datius alirukaruka mpaka jogoo akakimbia, na hilo peke yake lilikuwa ushindi.

Bibi alichota punje chache kutoka katikati ya turubai, akazitikisa karibu na sikio. Akazitikisa tena.

"Sikio langu linasema bado kidogo," alisema.

Uso wa Annastella ulishuka. Bibi aliuona. Akazirudisha zile punje kwenye turubai, akacheka, akamshika mjukuu wake shavu.

"Sikio la mzee hilo, waitu, mpenzi wangu. Kama mizani ya mjukuu wangu inasema imekauka, basi imekauka."

Ijumaa akajaza magunia yake mawili na kuyashona midomo, tayari kwa mizani ya Jumatatu. Alitenga mfuko mmoja mdogo wa kwenda nao Bukoba, kwa kuwa mkulima wa timu alikuwa yeye.

Jumamosi walisafiri kwa basi dogo la kukodi. Elieza alibeba mizani magotini kama mtoto mchanga. Alikuwa pia na mfuko wa kahawa ya baba yake, ambayo alisema ni ya akiba, endapo ya Bibi ingemwagika. Bibi alikaa mbele na kitenge chake kizuri, kilekile alichovaa siku ile aliyorudishwa. Alikuwa amekivaa makusudi.

Ukumbi ulikuwa karibu na ziwa, umejaa wakulima, wazazi na watu wa chama. Bi Felicitas alimtambua Bibi na kuonekana ana wasiwasi kidogo, lakini Bibi hakuwa mtu wa kuweka kinyongo. Baada ya kusalimiana alifungua kifurushi cha jani la mgomba na kumpa kahawa ya kutafuna, kama inavyompasa mtu anayekwenda kwa watu. Bi Felicitas alitafuna na kuisifu. Alisema yeye amekulia Bilele, mjini, na kahawa ya aina hiyo ameinunua tu sokoni. Hata hajui inatengenezwaje.

Bibi alifurahi kuulizwa. Alieleza kwamba hiyo haichumwi imeiva kama ile ya kuuza. Inachumwa bado changa, ya kijani, inachemshwa na majani yenye harufu nzuri, ndipo inaanikwa.

"Ndiyo maana punje zake ni ndogo hivi," alimalizia. "Kiganja kimoja kinaingia nyingi."

Annastella alikuwa amesimama nyuma yao. Alilikumbuka kopo alilolijaza Alhamisi. Punje ndogo hushonana ndani ya kopo, zikaingia nyingi, na kopo likawa zito. Basi mfuko wao wa mchanga ulikuwa mzito kupita kiasi, na mizani yao ilikuwa inasema kahawa yenye maji imekauka. Kahawa ya Bibi haikuwa imekauka. Magunia yaliyoshonwa kule nyumbani yalikuwa yanaanza kuharibika, na dakika chache baadaye kipimo cha umeme kingemwambia Bibi hivyo mbele ya ukumbi mzima. Safari hii aliyemletea aibu hiyo angekuwa mjukuu wake.

Aliwavuta wenzake nje akawaeleza yote, pamoja na habari ya chungu. Datius alitazama mizani, halafu mfuko wa akiba mkononi mwa Elieza. Kisha akaona njia. Kahawa ya baba yake Elieza ilikuwa imekauka kwelikweli, ilipimwa na chama jana yake tu. Wakiitumia hiyo badala ya ile ya Bibi, kopo halitashuka, na kipimo cha umeme kitakubali. Watashinda, Bibi hataaibika, na mfuko wa mchanga watakuja kuurekebisha taratibu.

Annastella alitamani kukubali. Kila kitu alichokuwa anakiogopa kingepita bila mtu kujua. Alimtazama Elieza.

"Kahawa ya baba itapita," Elieza alisema. "Lakini mizani itabaki vilevile."

Kwa Elieza hayo yalikuwa maneno mengi. Annastella alifikiria mizani hiyo ikitundikwa nyumba kwa nyumba, na bibi wa watu wengine wakishona magunia yenye maji, wakirudishwa mbele ya foleni, bila kujua kwa nini. Akarudi ndani, akapiga magoti mbele ya Bibi na kumnong'oneza kila kitu.

Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Umechukua akamwani yangu bila kuniomba?"

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe."

"Hilo tutaliongea nyumbani. Na magunia yangu nimeyashona yana maji?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi inuka ukaseme, ili tuwahi kurudi kuyafungua."

Walipoitwa, Datius ndiye aliyepaswa kuzungumza, lakini Annastella ndiye aliyesogea mbele. Aliwaeleza waliohudhuria jinsi mizani inavyofanya kazi. Halafu akawaambia kwamba waliyoileta inapima vibaya, kwamba kosa ni lake, na kwamba alipimia mchanga kwa kahawa ya wageni aliyoichukua bila ruhusa. Wakulima wachache walicheka, kwa sababu hakuna nyumba pale isiyokuwa na chungu kama kile. Annastella alisubiri kicheko kiishe. Akasema mkulima wao alikuwa ametilia shaka kahawa yake kwa sikio, na yeye hakumsikiliza.

Bi Felicitas hakucheka. Aliuliza wangefanya nini sasa hivi kama wangepewa dakika kumi.

Elieza alisogea kwenye meza ya mbele na kuweka mfuko wa baba yake. Aliomba kahawa ile ipimwe kwa umeme. Ilikuwa imekauka. Wakajaza kopo kwa kahawa hiyo, wakafumua mfuko wa mchanga na kuupunguza kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko, mpaka ubao ukalala sawa. Datius alipata kazi yake mwishowe, akaueleza ukumbi kila kijiko. Kisha wakaimwaga kahawa ya baba yake Elieza na kujaza ya Bibi.

Kopo lilishuka. Bi Felicitas akaweka punje za Bibi kwenye kipimo cha umeme, akasoma namba, akaigeuza watu waione. Ilikuwa na maji, sawasawa na mizani ya kopo ilivyosema.

Wengi ukumbini walimwangalia Bibi kwa kumhurumia. Bibi alisimama polepole, akarekebisha kitenge chake.

"Sikio langu lilisema bado," alisema. "Nililinyamazisha kwa kumpenda huyu mtoto. Kumbe bado linasikia vizuri."

Watu walicheka na kupiga makofi, naye akakaa akiwa ameinua uso. Annastella alilia pale mbele bila kujificha, kwa furaha.

Hawakushinda. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa timu iliyotengeneza kichanja cha fito chenye paa la kufunika mvua ikija. Bi Felicitas aliwaita akina Annastella pembeni na kuwapa mwezi mmoja wapime kwa mizani yao kahawa ya wakulima ishirini, kila moja ikilinganishwa na kipimo cha umeme, ndipo chama kiamue. Na kabla hawajapanda basi aliwaambia neno ambalo Mwalimu Kamala baadaye aliliandika ubaoni.

"Mtu asiye na kipimo bado anatumia akili na sikio lake. Mkimpa kipimo cha uongo, mnamnyang'anya na hivyo alivyokuwa navyo. Leo mngeweza kushinda na mkaacha watu wengi wakipotea. Mmechagua vizuri, na kazi yenu nitaiamini kwa sababu hiyo."

Ndani ya basi Datius aliyarudia maneno hayo kwa sauti mpaka Muhutwe, katikati ya safari.

Walifika nyumbani jua bado liko juu. Walifumua magunia, na kahawa ya chini ilikuwa imeanza kupata joto na harufu ya unyevu, lakini haikuwa imeharibika. Wakaitandaza yote. Jogoo alipokewa kwa ufagio kama kawaida.

Siku tisa baadaye Bibi alitikisa punje kutoka ukingoni, kutoka katikati na kutoka chini, akaitikia kwa kichwa. Annastella akajaza kopo, ubao ukalala sawa. Kwenye mizani ya chama Bi Felicitas alisoma namba na kuandika jina la Bibi kwenye daftari la kahawa iliyopokelewa. Bibi alipita mbele ya foleni akisalimia kila mtu kwa jina, na hakuwa na haraka hata kidogo.

Habari ya chungu, ambayo Bibi aliahidi kuiongea nyumbani, haikusahauliwa. Jumamosi iliyofuata Annastella alichuma kahawa changa kapu zima, akakata kuni, akachemsha na kuanika, huku Bibi amekaa kwenye kigoda akimwelekeza. Ilikuwa adhabu, na mgongo wake uliuma kweli. Lakini jioni alikuwa amejua kazi ambayo hata mkaguzi wa ubora hakuijua.

Kahawa hiyo ilipokauka, Bibi alijaza chungu, akachota punje mbili na kuziweka kwenye kiganja cha mjukuu wake, kama anavyopewa mgeni wa heshima.

"Wakola, Annastella," alimwambia, yaani umefanya vyema. "Kukosea si ajabu, hata mimi nilikosea na magunia yangu. Ila aliyekosa na akasema mapema anawahi kufungua gunia. Anayeficha analikuta limeoza. Sasa tafuna taratibu, na siku nyingine ukihitaji kitu changu, niombe."

Annastella aliiweka kahawa mdomoni. Ilikuwa chungu kuliko alivyotarajia, lakini hakuitema.